Kona ya Mwalimu: Tshimanga wa Kinshasa, miaka sita ya mbio na maisha yaliyobaki



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya watoto na michezo, kwa sababu maulizo yamekuwa mengi. Leo nitawasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wetu hatujasikia jina lake, ingawa alizaliwa katika inchi yetu. Dikembe Mutombo kila mtu anamjua: urefu wake, kidole chake, hospitali aliyojenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Lakini Tshimanga Biakabutuka je? Nimeuliza darasani kwangu, wanafunzi 52. Hakuna aliyeinua mkono. Ni mmoja tu wa nyuma aliyesema, "Mwalimu, iyo ni jina ya Kasai." Nikamwambia: hapo umepata pointi.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 24 mwezi wa kwanza 1974. Wazazi wetu wanakumbuka mwaka ule. Ndio mwaka Leopards walienda Kombe la Dunia kule Ujerumani, ndio mwaka Muhammad Ali alimwangusha Foreman Kinshasa usiku wa mwezi wa kumi. Ni siku pia za otantisite: tangu 1972 Mobutu alikuwa amekataza majina ya Kikristo, kwa hiyo mtoto hakuandikwa Timothée wala Jean-Pierre. Akaandikwa Tshimanga. Sasa angalieni jinsi dunia inavyogeuka: baadaye, kule Marekani, watangazaji wa mpira walishindwa kutamka jina alilopewa na wazazi, na yule aliyezaliwa wakati wa kukatazwa majina ya kizungu akajulikana na watu wote kama Tim. Biakabutuka, hilo halikukatwa. Walijifunza kulisema kwa nguvu, kwa sababu alilirudisha mdomoni mwao kila siku ya mechi.

Akiwa bado mdogo, jamaa yake ilihamia Canada, sehemu za Quebec, katika mji wa Longueuil unaoangaliana na Montreal ng'ambo ya mto. Kule masomo ni kwa Kifaransa, na mtoto wa Kinshasa hakuwa mgeni sana kwa lugha, ila kwa baridi tu. Kisha akaingia Vanier, shule ya kati ya sekondari na chuo kikuu, ambayo inafundisha kwa Kiingereza. Mimi kama mwalimu nasimama kidogo hapa. Kijana anayesoma kwa Kifaransa anavuka kwenda kusoma kwa Kiingereza, na papo hapo anajifunza mchezo ambao kwao hakuna anayeucheza. Watu wakisimulia maisha ya wachezaji wanaruka sehemu hii haraka sana. Wanataka goli tu.

Sasa, mchezo wenyewe. Wanauita futiboli, lakini si mpira wetu. Balo ni mrefu kama yai, na mara nyingi unabebwa kwa mikono. Kila upande una watu 11, wamevaa kofia ngumu kichwani na vikingio mabegani. Uwanja una yardi 100, na yardi moja ni karibu sentimita 91. Ekipe yenye balo inapewa nafasi nne za kusogea mbele yardi 10. Ikifaulu inapewa nyingine nne, ikishindwa balo linaenda kwa wengine. Ukifika nalo ndani ya eneo la mwisho, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Kazi ya Tshimanga ilikuwa ya mkimbiaji: anapewa balo mkononi, kisha anatafuta njia katikati ya watu wenye kilo 120 na 130 ambao shauri lao ni moja, kumlaza chini. Mama, fikiri umetoka soko la Kenya saa kumi na moja jioni, umekumbatia kapo ya mayai, na kila mtu barabarani amelipwa ili akugonge. Ndiyo kazi yake hiyo.

Chuo kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, kilimchukua mwaka 1993. Hakucheza sana mwanzoni. Mbele yake alikuwako Tyrone Wheatley, mkimbiaji mwenye jina kubwa, na kwa misimu miwili Tshimanga alikuwa mtu wa kupumzisha mwenzake. Wheatley alipoondoka kwenda kucheza kwa mshahara, njia ikafunguka. Msimu wa 1995 kijana wetu alikimbia yardi 1818, nyingi kuliko mkimbiaji yeyote aliyewahi kuvaa nguo za chuo kile katika msimu mmoja.

Siku wanayoisimulia hadi leo ni tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1995. Michigan walipokea jirani zao Ohio State. Uhasama wa vyuo hivi viwili ni kama wa Mazembe na Lupopo hapa kwetu: bwana na bibi wanaweza kukosa kusalimiana juma nzima. Ohio State hawakuwa wameshindwa mechi hata moja, walikwisha kushinda 11, na mkimbiaji wao Eddie George alikuwa karibu kupewa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo vyote (na kweli aliipata, majuma mawili baadaye). Watu zaidi ya 100 000 walikaa uwanjani. Siku ile Tshimanga alipewa balo mara 37 na akakimbia yardi 313. Ukizigeuza ni karibu mita 286, na si mita za kukimbia peke yako barabarani asubuhi, ni mita za kung'ang'ania, tatu hapa, nane pale, watu wakimning'inia miguuni. Michigan 31, Ohio State 23. Katika historia yote ya chuo kile, ni mtu mmoja tu, Ron Johnson mwaka 1968, aliyekuwa amekimbia zaidi katika mechi moja.

Na mshahara wake wa siku ile? Sifuri. Enzi zile mchezaji wa chuo alilipiwa masomo, chumba na chakula, basi. Watu zaidi ya laki moja walilipa kiingilio, televisheni ililipa, antrenere alilipwa vizuri sana, na mwenye kugongwa mara 37 alirudi kulala kwenye kitanda cha mwanafunzi. Ni mwaka 2021 tu ndipo wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kupata feza kwa majina yao. Nawaachia wenyewe mseme kama ile bursa ilikuwa bei ya haki. Mimi naona haikuwa haki, lakini naona pia kwamba ni kupitia masomo ndipo mlango ulifunguka; bila kuandikishwa darasani hakuna aliyegusa balo.

Mwaka 1996 akachaguliwa na Carolina Panthers, ekipe ya mji wa Charlotte, ambayo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze kucheza. Katika ligi yao ya NFL, ekipe zinachagua vijana wapya kwa zamu mara moja kwa mwaka, na yeye alichaguliwa wa 8 katika inchi nzima. Alikuwa na miaka 22. Mama yeyote angefunga kitambaa kichwani na kuita majirani.

Mechi ya nne, goti likakatika. Ni ule mshipa wa katikati unaoshika mfupa wa juu na wa chini. Ukikatika, ni kupasuliwa na kukaa miezi. Msimu ukaisha hapohapo. Na jambo ambalo nadhani liliuma kuliko kisu cha daktari ni hili: Panthers hawakusimama kumlilia. Waliweka mwingine nafasi yake, Anthony Johnson, naye akakimbia zaidi ya yardi 1000, na ekipe ile changa ikashinda mechi 12, ikafika hatua moja tu kabla ya fainali kubwa. Yote hayo yeye akiwa kwenye magongo.

Alirudi. Mwaka 1999 kuna siku moja kule Washington ambapo alipata tachidauni tatu katika robo ya kwanza peke yake, na watu wakasema sasa yule wa Michigan ameamka. Mechi yenyewe walishindwa, 38 kwa 36. Ndivyo yalivyokuwa maisha yake pale: siku moja ya moto, kisha mwezi wa kwenda kwa daktari. Mwezi wa kumi 2001, tena katika mechi na Washington, mguu ukaumia vibaya sana, upande wa unyayo. Hakucheza tena. Alikuwa na miaka 27. Jumlisheni: misimu sita ya kulipwa, yardi 2530 zote pamoja. Msimu mmoja wa shule ulikuwa umempa 1818.

Naye si wa bahati mbaya kuliko wote. Chama cha wachezaji wenyewe kimezoea kusema kwamba kwa wastani mtu anakaa katika ligi ile miaka mitatu na kidogo. Sita ni nyingi. Tena sijagusa habari ya vichwa: mwaka 2013 ligi ilikubali kulipa dolari milioni 765 kwa wachezaji wa zamani waliokuwa wameishitaki juu ya magonjwa ya ubongo yaliyotokana na kugongwa.

Kwa nini nawapa hesabu hizi zote? Kwa sababu ya mama mmoja wa chama chetu, ambaye sitamtaja, aliyenifuata baada ya mkutano. Anakaanga mikate na kuku jioni mbele ya parseli yake, na kwa moto ule amesomesha watoto wanne. Wa tatu yuko mwaka wa tano sekondari na anacheza mpira vizuri, mimi mwenyewe nimemwona. Mama akaniambia: "Mwalimu, uyu mutoto hapendi tena masomo. Anasema iko na miguu, kichwa ni ya nini?" Kuna mtu anayejiita manajeri amekuja nyumbani, anaomba dolari 600 kwa ajili ya pasiporti na majaribio katika inchi ya nje. Mtoto anamsukuma mama atoe feza ya likelemba, zamu yake iko mwezi ujao. Na neno lililomchoma mama ni lingine. Mtoto alimwambia: nikifika kule nitakutoa kwenye hii haya ya kukaanga kuku barabarani.

Haya. Sasa turudi kwa Tshimanga.

Mtu wa miaka 27 ambaye miguu imekataa ana miaka mingi mbele yake, arobaini, hamsini, Mungu akipenda. Atakula nini? Mwaka 2015 watafiti wa uchumi wa Marekani walichapisha hesabu juu ya wachezaji walioingia NFL kati ya 1996 na 2003, maana yake kundi linaloanza na mwaka uleule wa Tshimanga. Ndani ya miaka 12 baada ya kuacha kucheza, karibu watu 16 kwa kila 100 walikuwa wamekwenda mahakamani kusema wamefilisika. Na jambo lililonishangaza mimi: aliyecheza muda mrefu na kushika feza nyingi hakuwa salama sana kuliko yule wa muda mfupi. Tulidhani ni kidogo ndicho kinachoisha. Kumbe hata nyingi inaisha, ikiingia kwa miaka minne na mwenye nayo akaishi kama itaingia daima. Sisi pia tunajijua: mtoto mmoja akipata, binamu wanahamia kwake na masufuria yao.

Tshimanga alijaribu kwanza biashara ya vito, pete na mikufu. Kisha akaenda upande mwingine kabisa. Kule Charlotte, mji wa ekipe yake, kuna kampuni ya chakula inayoitwa Bojangles, iliyoanza 1977. Wanauza nini? Kuku ya kukaanga yenye pilipili, pamoja na mikate midogo ya siagi inayookwa palepale. Kampuni kama hii inakubali mtu anunue haki ya kutumia jina lake na mapishi yake: unafungua nyumba yako, unaajiri watu wako, unapika jinsi walivyokuonyesha bila kuongeza chumvi yako, na kampuni inapata fungu lake katika mauzo. Biakabutuka akachukua nyumba za namna hiyo, akazifungua sehemu za Augusta, katika jimbo la Georgia. Si moja, kadhaa.

Basi mtu ambaye watu laki moja walisimama kumpigia kelele, anaamka kujua kama mafuta yamefika, kama kuku wa leo ni wabichi, kama mfanyakazi wa asubuhi amekuja au ameumwa, kama hesabu ya jana inalingana na feza iliyo ndani ya sanduku. Maulizo hayo mama yetu wa mikate anayajua yote. Anayajibu kila siku tangu mtoto wake hajazaliwa, bila jina la kampuni juu ya mlango na bila mtu wa kumwonyesha.

Nilimwita kijana. Sikumpigia kelele, maana kijana wa miaka 17 ukimpigia kelele anasikia kelele tu. Nilimsimulia habari hii kama nilivyowasimulia ninyi, na nikaona macho yake yanawaka kwa zile yardi 313, kama nilivyotarajia. Goti lilipokatika akanyamaza. Tulipofika kwenye kuku alicheka, kisha akaniuliza: "Ni kweli anauza kuku, Mwalimu? Yeye mwenyewe?" Nikasema ni kweli. Akauliza nyumba moja inaingiza ngapi kwa siku. Nikamwambia sijui za kule, aende kwanza kumwuliza mama yake za hapa, na aandike: unga kiasi gani, mafuta kiasi gani, makala, kuku, kilichobaki. Amekubali kuandika kwa juma mbili. Mama anasema siku ya tatu alikuja na daftari akamwambia anapoteza kwenye makala, kwamba akinunua gunia nzima pamoja na jirani itapungua. Mama alikasirika kidogo, lakini ni kweli.

Kwa manajeri tulikubaliana hivi, mama, baba na mimi. Mtoto anaendelea kujizoeza kila siku saa tisa na nusu baada ya masomo, hakuna anayemkataza. Yule bwana alete barua ya ekipe inayomwalika, yenye jina, adresi na nambari ya simu, tuipigie wenyewe mbele yake. Ekipe ya kweli inayomtaka mchezaji haiombi feza ya mikate ya mama. Hadi siku hiyo, feza ya likelemba inabaki ndani ya likelemba, na zamu ikifika italipa kwanza minervali na malipo ya mtihani wa Serikali. Yule bwana alipoambiwa habari ya barua alisema atarudi Jumatano. Jumatano imepita.

Kijana hajafurahi sana na mimi. Ananisalimia, lakini anapita upande wa pili wa barabara. Nitavumilia.

Mkutano ujao wa chama ni Jumamosi saa nane, leteni vikao vya kukalia kwa sababu benchi mbili zimevunjika. Wenye watoto walio mwaka wa sita waje na kartidelekta zao au za watoto, nitaonyesha jinsi ya kujaza karatasi za kujiandikisha kwa mtihani. Na mama aliyeniachia ulizo juu ya binti yake anayetaka kusoma mekanike, nimelipata. Nitalijibu juma lijalo katika kona hii.